Artikle ya Nne ya Papa Namegabe

Mimi Kahindo sina mdomo wa sukari, nitasema kama ilivyokuwa. Papa Namegabe alizaliwa upande wa Bukavu, akafanya ukarani Kalengera miaka ishirini. Vita vya 2012 vilipomtoa huko, alikuja na shati moja jeupe, mke wake Mwavita, na wajukuu watatu, watoto wa binti yao aliyekufa njiani.

Kwenye kambi yetu ya wakimbizi, karibu na Munigi, tulimchagua awe sekretere, mwandishi wa komite. Kambi ilikuwa na sheria zake, tukaziita katiba. Zilisema siku ya kugawa unga kila nyumba itoe kikombe kimoja kwa komite. Prezida wetu, Harelimana, alibeba magunia ya huo unga, halafu jioni anapanda pikipiki kwenda kulala mjini, Himbi, sisi tunabaki na mvua. Ukimuuliza, anasema mkono mtupu haulambwi. Wee! Nilikasirika mpaka nikakusanya wanawake thelathini tuibadilishe hiyo katiba. Maana zamani tulijua artikle moja tu, kifungu cha mzaha, ile ya kumi na tano ya Wakongomani wote: kila mutu ajipange.

Papa Namegabe ndiye alituandikia, kwa sababu ofisi zinapenda karatasi ya Kifaransa na kati yetu ni yeye tu aliyekijua. Nikamtania kwamba leo muzee, naye akiwa wa komite, anazika tumbo lake mwenyewe. Hakuinua kichwa. Aliandika: prezida alale kambini. Prezida asindikize wagonjwa hospitali. Artikle ya nne: hakuna wa komite atakayekula kikombe.

Hapo nikawaona wale wajukuu mlangoni, yule mdogo shingo nyembamba kama kijiti, nikaona haya. Katika unga wa komite sekretere alikuwa anapata vikombe sita tu, navyo ndivyo bugali yao ya jioni. Nikamwambia aongeze: isipokuwa sekretere. Wanawake wote wakakubali, naye akaongeza.

Jumapili baada ya misa kambi nzima ilikaa juu ya mawe. Papa Namegabe, na shati lake jeupe, akasoma kwa Kifaransa, akageuza kwa Kiswahili. Alipofika artikle ya nne alisema hakuna atakayekula kikombe, si prezida, si sekretere. Akakunja karatasi.

Nikasimama, nikasema ameruka mstari, tena mstari wetu.

"Nimeufuta, mama," akasema. "Nikibaki na kikombe kwa sababu nina njaa, kesho prezida atatafuta sababu yake. Hakuna mutu anayekosa sababu."

Mikono ikapanda. Wangu ulichelewa, lakini ulipanda. Harelimana akawasha pikipiki, na wiki ile yote hatukumwona.

Jioni hakukutoka moshi kwa Namegabe. Nikajaza sahani unga wangu, nikaenda. Alinizuia mlangoni, eti yeye bado ni sekretere, na sheria haijamaliza hata siku moja. Nikamtukana, sifichi, nikamuita kichwa cha jiwe. Tukavutania ile sahani mbele ya majirani.

Mwavita, ambaye kwenye mikutano hafungui mdomo, akatoka ndani, akaichukua mikononi mwetu.

"Mimi hawakunichagua," akamwambia mume wake. "Mimi nilizaa mama wa hawa watoto."

Akaenda kuwasha moto. Papa Namegabe akakaa pale chini mlangoni, akalia bila kuficha uso, na mimi mwenye mdomo wote huu nikaenda kumsaidia Mwavita kupuliza moto.