Aliyeitwa Kubani

Nilipokuwa mtoto kule Timbwani, njia yetu ya kurudi kutoka chuo cha Kurani ilipita kando ya kuba la ukoo mmoja mkubwa. Lilikuwa jengo la mawe na chokaa, paa lake la mviringo, na vibakuli vya kaure vilipachikwa ukutani. Watu wa ukoo ule walizikwa mle ndani, kizazi baada ya kizazi. Bibi, ambaye mimi ni somo yake, sote tukiitwa Mwanaisha, alinikanya: jua likifika utosini, wafu huwaita jamaa zao. Nikisikia jina langu, nisiitike.

Adhuhuri moja nilikuwa narudi peke yangu. Upepo ulikuwa umetulia, mchanga ukimeremeta hata njia ikaonekana kama maji. Nikasikia sauti ya mwanamke, laini, kama ya mtu anayeamka usingizini.

"Mwanaisha."

Mdomo ulinitangulia. "Abee," nikaitika.

Hapakuwa na mtu. Sikukimbia, sauti yenyewe haikutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyengoja sana.

Nilimkuta bibi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nikamweleza, nikijua atanifokea. Akaweka kifuu chini.

"Hukuitwa wewe," akasema taratibu. "Nimeitwa mimi."

Ndipo nilipojua kwamba mamake amelazwa mle kubani. Bibi alikuwa binti wa ukoo ule. Alipoolewa na babu, mkulima wa mihogo ambaye wao hawakumtaka, kakake alimwambia asikanyage tena kwao, wala kuba asilisogelee. Mamake alipofariki, bibi alisimama kando ya njia akaliangalia jeneza likipita.

Alasiri ile alivaa buibui lake akanishika mkono. Kakake alikuwa ameshakufa. Ufunguo alikuwa nao mwanawe. Tulimkuta barazani.

"Nimekuja kumzuru mama," bibi akasema. "Nimeitwa."

Yule bwana alimtazama, akanitazama na mimi. "Shikamoo, shangazi," akasema, akainuka kwenda kufungua.

Ndani mlikuwa na ubaridi, na mwanga hafifu ukishuka kutoka tundu la juu. Bibi alikaa chini kando ya kaburi, akamsimulia mamake habari za babu, za shamba, za watoto aliowazaa. Nikasinzia pajani mwake, hata sikujua lipi alisema yeye na lipi niliota mimi.

Miaka mingi baadaye bibi alipofariki, jamaa wale walikuja kusema nafasi yake ipo kubani. Mama aliwashukuru, akawaambia marehemu aliusia azikwe kando ya babu.

Akina Mwanaisha ni wengi Timbwani. Huenda mama fulani alikuwa akimwita bintiye nyuma ya ua. Sikuwahi kuuliza. Nadhani bibi hakuwa akitafuta pa kulala. Alitaka kumwamkia mamake tu, na kwa miaka yote ile hakuna aliyemwambia aende.