Ukurasa wa Kobol Uliopigwa Muhuri

Jicho langu la kushoto lilipotea kwa sababu ya nukta. Ngoja nieleze. Faktori yetu ya kahawa huku Kanja ilikuwa na kompyuta ya zamani, na programu yake iliandikwa kwa Kobol, lugha ya kompyuta ambayo vijana wa siku hizi wanaicheka. Mimi shule niliachia darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kilo. Mizani ikisema kumi na mbili nukta saba, ninaandika kumi na mbili nukta saba, na risiti ya mkulima inatoka ikisema kumi na mbili. Nilimuuliza meneja, tena si mara moja. Akaniambia, "Mashine haikosei. Wewe piga tu." Huyo ndiye mkosaji wa kwanza.

Wa pili ni mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima. Siku wakulima walipolinganisha mizani na risiti wakakasirika, alipanda juu ya magunia akasema, "Anayeingiza kilo ndiye anajua nukta zinaenda wapi." Alisema hivyo akiona vizuri wanaume wameshika nini mikononi. Wa tatu ni binamu yangu, aliyerusha jiwe la kwanza. Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai kwangu.

Nilitoka hospitali nikaenda kukaa kwa dada yangu mjini Meru, upande wa Kinoru. Sikutaka fidia. Nilitaka kurudi Kanja, nikae kwa benchi ya kanisa bila mtu kusogeza mkoba wake. Mwenyekiti alituma neno kwamba nitapewa nafasi ya kujieleza mbele ya wajumbe wa chama. Sasa nijieleze na nini?

Chini ya nyumba ya dada kulikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, na mwenyewe ni mama mmoja mcheshi. Nilimweleza shida yangu, akabonyeza bonyeza.

"Mzee, hii lugha iko na katiba yake. Imeandikwa kila neno linafanya nini."

"Nitolee hiyo."

"Inauzwa. Tena bei ya ng'ombe."

Hebu fikiria. Lugha ya kuhesabu kahawa ya maskini, na sheria yake imefungiwa kabatini na watu wa ng'ambo. Hao nao niliwaweka pamoja na wale watatu.

Kopi za bure zilikuwepo, lakini zilikuwa picha za picha. Kurasa zimelala upande, ukingo mweusi kama sufuria, herufi zimeshikana kama siafu waliokanyagwa. Moja ilisomeka vizuri, kumbe ni rasimu ya toleo la juzi, na programu yetu ilikuwa ya toleo la zamani. Mwenyekiti angenikamatia hapo hapo. Nilirudi pale kila asubuhi. Yule mama alisoma Kiingereza na kunifafanulia, akisogeza uso karibu na kioo mpaka pua inakigusa.

"Nikipofuka na mimi, nani atanishika mkono?"

"Nitakushika mimi. Tutaingia mtaroni pamoja."

"Mtaroni peleka bibi yako!"

Mwishowe alipata kopi safi ya toleo lenyewe, mtu fulani amekaa akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, imenyooka. Akatafuta mpaka akapata pale. Nambari ikipelekwa kwa nafasi isiyo na mahali pa nukta, zile tarakimu za baada ya nukta zinakatwa. Na nafasi ya kilo kwenye risiti zetu haikuwa na mahali pa nukta.

"Zinakatwa," akasema. "Haziendi kwa mtu, mzee. Zinapotea tu."

Nililia. Hata lile jicho lililokufa lilitoa machozi.

Akaniprintia ukurasa ule. Dada yangu akautazama akasema, "Wewe ndugu yangu, karatasi ya mtandao bila muhuri? Hiyo watafungia njugu." Nikaona amesema kweli. Siku ya mkutano nikapitia ofisi ya chifu. Chifu hakusoma hata neno. Ukurasa ulikuwa umejaa maandishi juu mpaka chini, hakuna mahali peupe. Akapumulia muhuri, akaukandamiza katikati, akaongeza sahihi kwa kunihurumia. Wino wa zambarau ulikaa juu ya mistari yangu. Niliona. Lakini nani anamwambia chifu amepiga muhuri vibaya? Nilimshukuru. Na moyoni nilijua wajumbe wetu wanaamini muhuri kuliko maneno.

Mkutanoni katibu alipewa asome. Akasoma, akasoma, akasimama.

"Hapa kuna muhuri."

"Ruka," mwenyekiti akasema.

"Hapo ndipo penyewe!" nikasema. "Hapo inasema zinakatwa!"

"Chifu naye siku hizi anajua Kobol?" mwenyekiti akauliza. Wajumbe wakacheka. "Na wewe ulifika darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi kaa chini, profesa."

Niliomba wiki moja tu, kopi nyingine ilikuwa Meru. Wakakataa. Wakaandika kwamba sikuwa na maelezo. Binamu yangu alikuwa nyuma yangu, na alicheka pamoja na wengine. Nilimsikia.

Nilirudi Meru, nikaprintiwa ukurasa mwingine, msafi, nikaupeleka kwa meneja mwenyewe. Hakuushika. Akanionyesha mezani kompyuta mpya, bado ina nailoni.

"Ile ya zamani imetolewa. Programu imefutwa. Unataka tubishane na nini?"

Sasa niko Kanja, kwa sababu shamba liko Kanja. Asubuhi wakulima wanapita mbele ya boma langu wakitoka faktori, risiti mkononi, na risiti mpya zinaonyesha nukta. Kumi na mbili nukta saba, vile mizani ilisema. Wanazisoma kwa sauti wakifika kwa geti langu. Mmoja ananiuliza, "Umeona, mzee? Tangu utoke, nukta zimerudi."