Mikono ya Mwenye Ardhi

Simu ya polisi ilipomwambia Sodho kwamba mdogo wake amefia mahabusu, mwenye ardhi alikuwa tayari njiani kuja kuhani. Hakosi msiba yule. Ndiyo maana kiti cha ubunge hakijamtoka miaka ishirini. Huvua viatu mbali na mkeka, huketi katikati ya wakulima wake, humuuliza kila mtu hali ya nyati wake wa maziwa kwa sauti ya chini. Marehemu alikuwa amethubutu kukigombea kiti hicho.

"Alikuwa mwanangu," mwenye ardhi alisema, akainua mikono yake laini kuomba Fatiha. Kwao Sindh, mfiwa akiinua yake pamoja na mgeni, ugomvi umekwisha, wala hakuna kesi tena. Mikono ile ilimngoja Sodho.

"Inua, baba," mjomba wake alinong'ona. "Una watoto, na shamba ni lake."

"Na damu ni ya nani, mjomba?"

Lakini dua ni ya Mungu. Sodho aliinua, akasema amina. Papo hapo yule akajipangusa uso. Fatiha yenyewe hakuimaliza.

Alasiri mwenye ardhi alibeba jeneza hadi sokoni, penye watu wengi, akaondoka. Sodho alishuka kaburini, akamlaza mdogo wake, akamfungua kamba za sanda kwa mikono ile ile aliyokuwa ameiinua, akapanda juu.