Zamu ya Namahoro

Enzi zetu, msichana wa kuchorwa akifukuzwa kwao, darasa zima lilikosa raha. Nasema hivi kwa sababu wiki hii binti yangu Neema na rafiki zake wawili wamegeuza kibaraza changu hapa mtaa wa Nyamianda, Uvira, kuwa bunge. Wanabishana juu ya hadithi ya picha wanayoisoma kwenye telefone. Malkia wao, mwenye nywele za buluu na upanga unaoongea, ametupwa katika dunia asiyoijua, ambako hata jua ni la kijani. Kundi lao la mashabiki lina watu wa Goma, wa Bujumbura, hata wa Kigoma, na wote wako kwenye kilio. Rafiki mmoja wa Neema alikataa sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, kwa huzuni. Nikaila mimi, maana chakula hakina kosa.

"Mama, weye hauwezi kuelewa," Neema akaniambia. "Hii mambo ya mashabiki haikukuwako zamani."

Niliendelea kuchambua ndagala zangu, dagaa wa ziwa letu. Watoto hawa wanaamini dunia ilianza siku walipopata mega za intaneti. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye benchi la tatu la darasa la tano, na kwenye neno moja nililolisema pale ambalo mpaka leo natamani kulirudisha.

Sisi pia tulikuwa na malkia wetu. Aliitwa Zalia, na dunia yake yote ilikaa ndani ya kaye moja, daftari la shule lenye jalada lililofungwa kwa uzi. Aliyemchora alikuwa Riziki, binti wa muuza vitambaa mmoja wa mtaa wa Rugenge, wa zile familia za Waislamu ambazo zimekuwa pale tangu mababu. Riziki alikuwa mfupi, hodari wa hesabu, na vidole vyake vilikuwa na wino wa biki saa zote. Baba yake alidhani anaandika masomo. Kila jioni alimsifu mbele ya wageni, na Riziki aliinamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu.

Zalia alikuwa binti wa mfalme wa chini ya ziwa. Askari wa ikulu walikuwa viboko, na sisi watoto wa Uvira, tuliozoea kuwasikia viboko wakikoroma karibu na nyumba, hatukuona ajabu yoyote. Waziri alikuwa mamba, naye ndiye aliyemsingizia Zalia uchawi hadi akafukuzwa majini. Alitupwa nchi kavu, tena si ufukweni, bali juu kabisa, kwenye milima ile inayosimama nyuma ya mji wetu kama ukuta wa nyumba. Huko hakuna ziwa, kuna ukungu na baridi, na watu wanakunywa maziwa. Kwetu sisi wa mtaa wa Songo, tuliokulia kwenye joto na harufu ya samaki, hakukuwa na mahali pa ajabu kuliko hapo.

Kaye ilisomwa kwa zamu, na sheria ilikuwa moja. Ili usome sehemu mpya, lazima utoe karatasi ya katikati ya kaye yako mwenyewe. Ya katikati tu, maana hiyo ukiinua pini zake mbili kwa ukucha inatoka nzima, kurasa nne safi, na hakuna ukurasa mwingine unaoanguka. Karatasi hizo ndizo Riziki alizochorea sehemu iliyofuata. Ukisoma, umeshampa Zalia siku nyingine ya kuishi. Basi kaye zetu zote zilikonda. Baba yangu aliinua ya kwangu ya jiografia, akaipima mkononi, akasema, "Hii mutoto iko nasoma mpaka kaye inakonda." Mama alijibu kwamba afadhali ikonde kaye kuliko mtoto. Mwalimu naye alishangaa mwaka mzima kwa nini kaye zetu zinaisha mapema, tena pini zikiwa zimelegea.

Na jinsi tulivyobishana! Wakati wa mapumziko, huku tukitafuna mihogo ya kuchoma, tuligawanyika. Wapo waliosema Zalia ajifiche, alipize kisasi. Mimi nilikuwa kiongozi wa wale waliosema arudi kwao. Nilimlilia Zalia kweli. Nilimwambia Mama kwamba kuna mtu ninayemjua amekaa ugenini na hana rafiki, na Mama, maskini, alitaka kumpelekea unga.

Mwaka huohuo Namahoro aliletwa kwenye benchi letu. Alikuwa ameteremka kutoka huko milimani, mtoto wa wafugaji, kuja kukaa kwa shangazi yake apate shule. Alikuwa mrefu, mpole, alivaa sweta kwenye joto letu lile, na kabla ya kula chochote alifumba macho akasali kimya. Siku ya kwanza tulimkaribisha ndagala. Alizitazama muda mrefu, akasogeza sahani.

"Ziko zinaniangalia," alisema.

Tulicheka hadi mate yakatutoka. Kuanzia hapo, kila aliyekula ndagala alizigeuza kwanza upande wa Namahoro ili zimwone vizuri. Naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayetabasamu ili mambo yaishe.

Ninachokumbuka kwa aibu ni kwamba Riziki alikuwa amewachora watu wa mlimani bila pua. Aliwafunika mablanketi, akawaweka wanakunywa maziwa kama watoto wachanga na kukimbia wakiona samaki. Sote tuliona inachekesha sana. Namahoro alikuwa amekaa hapohapo katikati yetu.

Zamu ilifuata viti, kwa hiyo ilimfikia. Alitoa karatasi yake ya katikati kwa utaratibu, akapokea kaye. Sheria ilikuwa ukae nayo siku moja. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kaye haikurudi. Aliyefuata baada yake nilikuwa mimi, na katika sehemu ile ndipo tungejua kama Zalia amekufa kwa baridi au amepona. Siku ya tatu asubuhi nilimsimamia mbele ya darasa zima.

"Leta kaye yetu," nilimwambia. "Kama hautaki vitu vya huku, rudia kwenu."

Namahoro hakulia. Alifungua mfuko wake, akanipa kaye kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa kwao kumpa mtu kitu.

Niliifungua kwa hasira nikihesabu kurasa. Hakuna iliyochanika. Kulikuwa na kurasa zilizozidi. Namahoro alikuwa ametoa karatasi nyingine ya kaye yake, akaishona katikati kwa uzi mweusi, akachora. Zalia ameanguka kwenye majani, anatetemeka. Bibi mmoja mwenye pua nzuri kabisa anamfunika blanketi, anamnywesha maziwa kwenye kibuyu. Zalia anayatapika, maana hajawahi kuyaonja, na bibi anacheka, anampangusa mdomo, anampa tena. Nyuma yao kulikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopinda kwa madaha, wakiwa hai kiasi kwamba niligusa ukurasa.

Riziki alininyang'anya kaye. Tulimjua kwa wivu. Ukimgusia mstari mmoja tu wa mchoro wake, hasemi nawe wiki nzima. Alitazama kurasa zile, akazirudia, na sisi wote tulikuwa tunamngoja yeye, maana akizichana zile kurasa, Namahoro hatakuwa na mahali tena kwenye lile benchi.

"Ya kwangu ina kosa gani?" aliuliza mwishowe.

"Ile ngombe yenye ulichora haiko ngombe," Namahoro alimjibu taratibu. "Iko mbuzi munene."

Riziki ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha alichukua kifutio, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na penye biki isiyofutika akachora juu yake. Watu wote wa mlimani wakapata pua. "Basi weye njo utachora mulima," alisema. "Minye nitabakia na maji."

Tangu siku hiyo hadithi ilikuwa na wachoraji wawili, na ilikuwa nzuri zaidi ya mwanzo, ingawa nani angekiri. Zalia alijifunza kukamua. Bibi alijifunza kula samaki, akifumba macho ili wasimwangalie. Na mimi? Sikumwomba Namahoro msamaha. Nilimpa nusu ya muhogo wangu kila siku mpaka mwisho wa mwaka, nikajiambia ameelewa. Watoto wana ujinga huo, na watu wazima wanao pia. Nilimlilia msichana wa biki kwa sababu yuko mbali na kwao, na msichana mwenye damu na sweta, aliyekaa ugenini akigusana bega nami, nikamwambia arudi kwao.

Mwaka haukuisha vizuri. Ilikuwa ile miezi ya hofu ya vita ambayo watu wengi walifunga mizigo bila kusema wanakwenda wapi, na shangazi yake Namahoro naye alifunga. Walikuwa wanavuka kwenda Burundi, na baadaye mbele zaidi. Namahoro alikuja darasani asubuhi moja bila mfuko, karatasi moja tu mkononi. Zalia tulikuwa tumemwacha amesimama ufukweni, mfalme ameshamsamehe, ziwa mbele yake na bibi wa maziwa nyuma yake. Sehemu iliyofuata ilikuwa bado haijachorwa.

Hakumpa Riziki ile karatasi. Alinipa mimi, kwa mikono miwili. Karatasi ya katikati, safi, yenye matundu mawili ya pini.

"Hii iko ya zamu yangu," alisema. "Musiniruke."

Riziki sasa anauza vitambaa mahali pa baba yake. Kaye yenyewe haipo. Mwaka ule maji ya ziwa yalipopanda mpaka ndani ya nyumba ya kina Riziki, iliondoka pamoja na kabati, naye husema kwa mzaha kwamba Zalia alichoka kutungoja akajirudia kwao mwenyewe. Tunacheka. Habari za Namahoro tulizipata mara moja tu, kwa mtu aliyesikia kwa mtu: yuko nchi ya mbali yenye theluji. Nilifikiria ile sweta yake, nikaona angalau baridi alishaijua.

Jana niliwaletea mashabiki wangu wa kibarazani ile karatasi. Hukaa ndani ya Biblia yangu, imekuwa na rangi ya chai. Niliwasimulia yote, na neno lile nililisema pia, ingawa Neema aliniangalia vibaya. Hata telefone waliziweka chini, jambo ambalo sijaliona tangu umeme ukatike siku tatu.

Rafiki yake, yule wa sombe, aliishika karatasi, akaigeuza pande zote mbili. "Mama, si muchore tu mwisho?" aliuliza. "Nafasi iko."

Wao wakikosa sehemu mpya wanalaumu koneksio, na wiki ikigeuka inakuja, imechorwa na mtu ambaye hawatamjua kamwe. Hadithi yetu ilichorwa na watu tuliogusana nao viwiko. Mmoja wao akiondoka, huwezi kumngoja kwa kuinua telefone juu ukitafuta mtandao. Unabaki na nafasi yake kwenye benchi, na nusu mbili za muhogo mkononi.

Nilimpokea karatasi kwa mikono miwili, nikairudisha mahali pake.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Zamu haiko yangu."