Saumu ya Kasim wa Majengo

Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, Kasim Abdi aliingia chumba chetu cha eksirei mjini Meru saa mbili na dakika kumi asubuhi, akatoka saa tatu kasorobo. Alikuwa muuza nyama wa Majengo, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, na barua yake ilisema chakula kinamkwama.

Mkewe, Rahema, alikuwa mchangamfu kuliko sisi sote. "Huyu hamkuwa na haja ya kumwambia aje bila kula. Sheikh wangu! Jumatatu anafunga, Alhamisi anafunga. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, na sita za Shawali juu yake. Malaika wamechoka kuandika."

"Mama Safiya, punguza maneno," Kasim alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

Fomu yangu ina swali ambalo siliruki. "Mzee, mara ya mwisho ulimeza ugali lini?"

Alitazama ukuta. "Kabla ya Maulidi."

"Hiyo ni miezi minane!" Rahema alicheka, kisha akaacha. "Na siku usizofunga?"

"Nilikwambia nimekula buchani."

"Na futari?"

"Uji, Rahema. Ulikuwa ukinipa uji."

Nilimwomba mama atoke, kwa sababu ya miale. Kasim alipokea kikombe cha bariamu, maji mazito meupe yanayoonekana kwenye picha yakishuka.

"Muuza nyama asiyeweza kumeza nyama, binti, nani atanunua kwake?"

Alimeza mara tatu. Katikati ya kifua yale maji yalisimama, kisha yakapenya membamba kama uzi. Nilijua maana yake. Lakini kazi yangu ni kupiga picha, kusoma ni kwa daktari.

"Umeona nini?"

"Daktari atasoma, mzee."

Nje, Rahema alikuwa ameshika kofia ya mumewe. Hakulia. "Dada, kila alfajiri nilimwomba Mungu amzidishie nguvu ya kufunga."

Niliandika saa ya kutoka kwenye bahasha ya picha zake.

Wiki mbili baadaye kipimo cha kamera kilithibitisha saratani ya umio. Daktari wa upasuaji alisema angeletwa miezi sita mapema wangejaribu kuikata. Sasa wangeweza tu kumwekea mpira wa kupitishia uji.

Mwaka mmoja baada ya picha nilizompiga, Kasim alikuwa na miezi saba kaburini. Watu wa Majengo bado walimtaja kama mtu aliyependa kufunga, na Rahema hakuwahi kuwasahihisha.