Mshona Vifungo Aliyesema Hali Karanga

Shangazi yangu alipika chakula cha mchana katika kiwanda cha kushona sare kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakumwamini hata mtu mmoja aliyemwambia, "Mimi sili kitu fulani." Kwake neno "sili" lilikuwa na maana moja tu: huyu anaringa. Basi alikuwa na mchezo wake. Ukimwambia huli maini, anayasaga, anayafukia kwenye mchuzi, kisha anakuangalia ukila. Ukishakula, anagonga sufuria kwa upawa na kuutangazia ukumbi mzima: "Umekula maini, mheshimiwa!" Ndivyo fundi wa mashine alivyolishwa bamia, na msimamizi wetu bilinganya. Tulicheka mbavu hatuna. Mimi nilicheka kuliko wengi.

Ndipo akaajiriwa binti wa kushona vifungo, miaka ishirini na minne, akapewa mashine iliyo jirani na yangu. Siku ya kwanza alikwenda jikoni mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi. Samahani, mimi sili karanga."

"Marahaba. Karanga zimekukosea nini?"

"Nina mzio. Hata upawa uliogusa karanga ukiingia kwenye chakula changu, koo linavimba, nakosa pumzi."

"Makubwa! Wengine humu mzio wao ni kazi," shangazi akasema, na wasaidizi wake wakaangua kicheko.

Mimi alinieleza zaidi. Kuna wanaodhurika na mayai, wengine maziwa, wengine samaki. Yeye ni karanga. Alikuwa na sindano ya dawa mkobani, ya kuchomwa pajani mara tu uvimbe unapoanza, kisha hospitali bila kusubiri. Lakini mikoba yetu yote iliachwa kwa mlinzi getini, maana vitambaa vilikuwa vinaibwa. Aliomba aruhusiwe kuingia na sindano. Msimamizi akamwambia aandike barua. Akaandika, na barua ikakaa mezani.

Siku ya tisa palikuwa na mchuzi mzito wa kuku. Binti aliuliza kama kawaida yake, shangazi akamjibu, "Hamna," akampakulia mapande mawili, akanikonyeza. Nilijua. Sijawahi kumwambia mtu: nilijua, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilidhani ametia chumvi, atakohoa kidogo na yataisha.

Alikula vijiko vitano hivi, akaweka kijiko chini, akashika shingo. Shangazi hakuweza kujizuia. Akagonga sufuria.

"Umekula karanga, bibie! Mbona hujafa?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Binti aliinuka, midomo imeshavimba, akanyoosha kidole kuelekea getini, na watu wakapiga makofi wakidhani anaigiza. Mimi nilikimbia. Mlinzi akanidai kibati cha mkoba, kile chenye namba anachopewa mwenyewe akiuacha.

"Mkoba huu si wako," akasema. "Mwenyewe aje."

Nilimsukuma, nikaupora. Niliporudi na sindano makofi yalikuwa yamekoma. Nilimchoma pajani kama alivyonieleza, lakini nilikuwa nimechelewa.

Msibani mama yake alitupatia viti. Shangazi akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Dada, alisema hali karanga. Hakusema zinamuua."

Mama yule alimtazama, macho makavu. "Mimi nimemlisha miaka ishirini na minne," akasema. "Wewe umemlisha siku tisa."

Njiani shangazi alilia sana, nami nikaanza kumhurumia, damu nzito. Kisha akafuta kamasi, akanishika mkono.

"Unadhani watanirudisha jikoni?"

Nilimwambia watamrudisha. Ukumbi mzima ulikuwa umepiga makofi. Nani angesimama kumshitaki? Jumatatu alikuwa jikoni, na sisi sote tukapanga foleni, tukala.