Cheche ya gizani yamfichua Fundi Masikio

Bado hakujapambazuka, na fundi anataka iwe hivyo hivyo. Ameagiza taa ya gereji izimwe. Boneti ya lori dogo la petroli iko wazi, injini inanguruma, naye ameinama juu yake huku mikono ameifunga mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

“Piga resi!” anapaza sauti. Siku hizi hupaza mno.

Ndani ya kabini, dereva anakanyaga mafuta kwa shingo upande. Amenuna, na ana haki ya kununa. Jana alileta lori hili libadilishiwe plagi, kazi ambayo fundi huyu ameifanya tangu hajaota ndevu. Likaondoka likinguruma vizuri. Lilipofika kwenye mwinuko wa kutoka kiwanda cha matofali, likiwa na mzigo, likaishiwa nguvu katikati ya kilima. Madereva wenzake walimpita wakimpigia honi na kumcheka.

“Nilikuja na plagi kuukuu, lori linapanda,” alimfokea fundi jana jioni. “Nimeondoka na plagi mpya, halipandi. Sasa hapo mchawi nani?”

Swali hilo lilimnyima fundi usingizi. Madereva wote wa kiwanda hicho huja hapa kwa sababu ya huyu mmoja. Akihama, gereji inabaki na upepo.

Mtaani wanamwita Masikio. Enzi zake gari lilikuwa halijaingia getini, naye ameshasema linaumwa nini. Lakini miaka ya kugonga mabati na kuinamia injini zisizo na sailensa imemlipa vibaya. Masikio yamekuwa yakimwacha kidogo kidogo, na hakumwambia mtu.

“Nilikuwa natikisa kichwa tu,” anasimulia. “Mteja akiongea, mimi ‘sawa, sawa’. Siku moja mama mmoja akaniambia amefiwa na kaka yake. Nikamjibu, ‘Vizuri sana, njoo kesho.’”

Anacheka, kisha anaacha kucheka.

Mkewe ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kimepakana ukuta na gereji. Yeye hakuhitaji kuambiwa. “Kwanza nilidhani ananifanyia kiburi. Nikimwita aje anisaidie kazi, kimya. Hayo nimezoea. Lakini nilipomwita chakula asije, nikajua huyu kweli hasikii.”

Jana jioni fundi alikagua kila kitu. Waya za plagi zilikuwa kwenye nafasi zake. Bomba la hewa halikuchomoka. Mwanya wa kila plagi, pale cheche inaporukia, ulikuwa sawasawa. Zamani angefunga macho na kusikiliza tu, maana umeme ukivuja nje ya plagi hutoa mlio mdogo. Safari hii alimwita mkewe.

“Kuna kitu kinadonoa,” mkewe akasema baada ya kuinamisha kichwa. “Kama sindano inagonga bati.”

Hapo fundi akajua ugonjwa, ila si mahali ulipo. Cheche inayovuja haionekani mchana. Akamwomba dereva arudi alfajiri.

Na sasa anaiona. Kwenye plagi ya tatu, uzi mwembamba wa buluu unashuka kando ya kauri nyeupe, unapotea, unashuka tena. Anampungia dereva mkono aje. Wanaume wawili wanainama kuitazama. Lori likiwa tupu, cheche iliyobaki inatosha. Likibebeshwa matofali, umeme unapita njia ya mkato na injini inakosa nguvu.

Injini inazimwa, plagi inafunguliwa. Kauri ina ufa mwembamba kama unywele.

Hapa fundi angeweza kusema plagi ni feki. Mafundi husema hivyo, wateja hukubali, na biashara inaendelea. Mkewe, aliyesimama mlangoni na futi yake shingoni, anamtazama.

“Si plagi,” fundi anasema. “Ni mimi. Spana ililala upande nilipokuwa nakaza. Kauri ikipasuka hulia, kidogo tu, lakini hulia. Jana ililia, sikuisikia. Mwanangu, mimi sisikii vizuri, ni mwaka wa pili huu.”

Dereva anamkodolea macho. Mwandishi wa habari hizi anakiri kwamba aliogopa kwa niaba ya fundi.

“Mzee wangu,” dereva anasema hatimaye, “yaani ndiyo maana? Sisi kule kiwandani tunakusema kila siku. Tukikusalimia huitikii. Tukajua umeanza kuringa.”

“Anasemaje?” fundi anamuuliza mkewe.

Mkewe anamrudilia maneno hayo karibu na sikio. Fundi anajifuta macho kwa mkono wenye grisi na kujipaka weusi shavuni.

Plagi nyingine inafungwa, mkewe akiwa ameinama karibu kusikiliza kila mzunguko wa spana. Kabla ya adhuhuri dereva anarudi kutoka kilimani na mzigo wake. Anasimama mbele ya fundi, uso kwa uso, na kutamka polepole: “Limepanda. Hata honi nimewapigia mimi.”

Daktari alishawaambia wawili hawa kwamba kifaa cha sikio kinaweza kumsaidia, na sasa wameanza kujipanga. Kwa sasa cherehani imehamishiwa gereji, karibu na mlango. “Akipata kifaa chake nitarudi kwangu,” anasema mkewe. “Ila nimeanza kuipenda hii kazi.”

Fundi ana mpango mwingine, na anauanza leo hii. Gari dogo linaingia na mwenyewe anashuka, funguo mkononi.

“Kaka, kabla hujaniachia gari,” fundi anamwambia, “mimi sisikii vizuri. Injini nasikiliziwa na huyu mama. Bado unataka nikutengenezee?”

Mwenye gari anamtazama yeye, anamtazama mkewe, kisha anamkabidhi mama funguo.